Kiti Karibu na Soketi

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, maktaba za vyuo vikuu vya Nakuru na viunga vyake hujaa masweta kabla hazijajaa watu. Mlango ukifunguliwa asubuhi, wanafunzi huingia kwa haraka, begi likibaki nje kwa mlinzi kwa kuwa haliruhusiwi kupita, laptopu na chaja vikiwa kwapani. Mtu anachagua kiti, anatundika sweta kwenye mgongo wake, anaacha daftari wazi mezani na kalamu juu yake, kisha anakwenda darasani akijua nafasi yake imeshikwa. Ikifika saa tatu, viti visivyo na sweta ni vile vilivyo mbali na soketi.

Zunguka meza hizo mchana uangalie kilichoko juu yake. Kuna noti za mhadhiri zilizotolewa fotokopi nje ya geti, pembe zake zimeshakunjika. Kuna karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, nyingine zimepigwa picha kwa simu na zinasomwa kwenye kioo kilichopasuka. Kuna chupa ya maji, vipokea sauti, simu inayochaji, na ubao mdogo wa soketi ambao mtu amekuja nao kutoka hosteli ili watu wanne wagawane umeme wa tundu moja. Hatua tatu nyuma ya mgongo wa msomaji ziko rafu za vitabu, na wengi wanaokaa hapo kutwa nzima hawazigeukii.

Swali la jinsi wanafunzi wa shahada ya kwanza wanavyoitumia maktaba, na alama wanayoipa, limeulizwa sana nchini Kenya. Wanafunzi wa uzamili wa sayansi ya maktaba huliandikia tasnifu, wakutubi huliwekea hojaji, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inapokagua chuo, maktaba ni miongoni mwa mambo inayoyaangalia. Majibu huja kwa asilimia: walioridhika, walioridhika kiasi, wasioridhika kabisa. Mimi naamini asilimia hizo, kwa sehemu kubwa, hupima samani. Mwanafunzi huikadiria maktaba kwa kile alichokigusa ndani yake, na alichokigusa ni kiti, taa, soketi, Wi-Fi, choo na uso wa mtu wa kaunta. Ile sehemu iliyo ghali kuliko zote, ya majarida ya kielektroniki, ambayo chuo huilipia kwa dola, haijawahi kupita mikononi mwake, kwa hiyo hata akiulizwa hana alama ya haki ya kuipa.

Viti vimekuwa haba kwa sababu ambazo historia ya Njoro, mji ulio karibu na Nakuru, inazieleza vizuri. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton wa Tatton alianzisha huko shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima katika nchi aliyoihesabu kuwa yao. Mwaka 1950 shule hiyo ikapanda kuwa chuo cha diploma. Uhuru ukaja, milango ikafunguka, na mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka uliofuata Bunge likakipa hadhi ya chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Egerton. Taasisi iliyoanza na vijana wachache wa tabaka moja ikajikuta inatakiwa kupokea taifa zima. Mwaka 1990 vyuo vikuu vya umma vikapokea kwa mpigo makundi mawili: wale wa mwisho wa mfumo wa zamani wa kidato cha sita, na wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4. Mwaka 1998 Nairobi ikaanzisha masomo ya wanaojilipia karo, vyuo vingine vikafuata, na wanafunzi wakaongezeka tena.

Egerton pia ilizaa. Mwaka 2013 matawi yake ya zamani, Chuka, Kisii na Laikipia, yalipata hati ya kuwa vyuo vikuu vyenye kujitegemea, na kila kimoja kilihitaji maktaba ya chuo kikuu, si ya tawi. Kabarak, chuo cha Kikristo kilichoanzishwa na Daniel arap Moi kwenye barabara ya kwenda Eldama Ravine, kilikuwa kimeshapata hati yake mwaka 2008. Mjini Nakuru kwenyewe vyuo kadhaa vyenye makao Thika, Juja na kwingineko vilifungua matawi, mengine ndani ya majengo ya maduka. Idadi ya wanafunzi inaweza kuongezeka kwa tangazo la siku moja la wizara. Jengo la maktaba huchukua miaka, na vitabu vyake huchukua miaka zaidi, kwa sababu vitabu ndivyo vya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Mishahara haikatwi bila mgomo, na umeme ukikatwa kila mtu anajua siku hiyo hiyo. Toleo jipya la kitabu cha baiokemia lisiponunuliwa, hakuna anayepiga kelele.

Kwa hiyo mwanafunzi anayelalamika kuhusu kiti hajadeka. Wengi wa hao wanaishi Njokerio na mitaa mingine ya kupanga nje ya geti, watu wawili au watatu katika chumba kimoja cha mabati au mawe, jiko la gesi pembeni, redio ya jirani ukutani. Njoro iko juu kiasi cha meta 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na Julai baridi yake huingia hadi kwenye mifupa. Maktaba ndiyo meza pekee iliyo pana, yenye taa ya uhakika na kimya ambacho hakigharimu kitu. Mtu akiniambia kwamba wanafunzi wa siku hizi wanaitumia maktaba vibaya kwa sababu wanaenda kusomea noti zao wenyewe, namuuliza angependa wakazisomee wapi.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo mambo mengi yanapopotea.

Mwaka 1988 watafiti watatu wa masuala ya biashara nchini Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walichapisha kipimo kinachoitwa SERVQUAL. Kina maswali 22. Mteja anaulizwa alitarajia nini na amepata nini, na pengo lililoko kati ya hayo mawili ndiyo alama ya huduma. Mwaka 2000 maktaba kubwa za utafiti za Amerika Kaskazini, zikishirikiana na Chuo Kikuu cha Texas A&M, zilikichukua kipimo hicho cha kibiashara na kuanza kukigeuza kiwe cha maktaba, kikaitwa LibQUAL+. Humo kila swali lina majibu matatu, kwa ngazi ya 1 hadi 9: kiwango cha chini kabisa ambacho msomaji anaweza kukivumilia, kiwango anachokitamani, na kile anachokipata. Maswali yamepangwa katika mafungu matatu: jinsi wahudumu wanavyomtendea msomaji, jinsi anavyoweza kujitafutia maarifa mwenyewe, na maktaba kama mahali. Tafiti nyingi za maktaba za vyuo katika Afrika Mashariki zimejengwa juu ya vipimo hivi viwili au vinavyofanana navyo.

Ni vipimo vya maana. Shida inaanza unapovileta mahali ambapo wanafunzi wametoka dunia mbalimbali kabisa. Chukua wasichana wawili wa mwaka wa kwanza wanaokaa meza moja. Mmoja alisoma shule ya kutwa huko Kuresoi ambako maktaba ilikuwa kabati ndani ya ofisi ya naibu mwalimu mkuu, na ufunguo wake ulitembea na naibu. Mwenzake ametoka shule ya kitaifa yenye jengo la maktaba na mtu aliyeajiriwa kulisimamia. Wape hojaji moja. Wa kwanza atakipa chuo alama ya juu kwa dhati kabisa, kwani hajawahi kuona vitabu vingi kiasi hicho chini ya paa moja. Wa pili ataandika kwamba mategemeo yake hayajafikiwa. Ukijumlisha majibu yao ukagawanya kwa mbili, unapata tarakimu inayosema zaidi kuhusu shule zetu za upili kuliko kuhusu maktaba uliyokuwa unaipima.

Kuna tatizo jingine, la nani anaulizwa. Hojaji nyingi hugawiwa mlangoni au mezani, ndani ya maktaba yenyewe. Aliyekata tamaa muhula wa kwanza, akaamua kusomea chumbani na kuazima pdf kwa wenzake, hayupo pale kuulizwa. Anayefanya kazi ya bodaboda mchana ili alipe kodi ya chumba hayupo. Na siku pia ni muhimu. Ukiuliza wiki ya tatu ya muhula, viti ni tele na watu wamechangamka. Uliza wiki ya mitihani, utasikia habari nyingine kabisa kutoka kwa watu wale wale. Ripoti inayotaja asilimia bila kutaja wiki imeacha nusu ya jibu nje.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni lile fungu la pili, la mwanafunzi kujitafutia maarifa mwenyewe. Hapo alama inaweza kuwa nzuri huku hali ikiwa mbaya, na mfano ninaoupenda uko shambani hapo hapo Njoro.

Kilomita chache kutoka Egerton kipo kituo cha utafiti wa ngano cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Mwaka 1998 nchini Uganda iligunduliwa aina mpya ya kutu ya shina la ngano, ikapewa jina Ug99, ugonjwa uliozishinda aina nyingi za ngano zilizodhaniwa kuwa na kinga. Norman Borlaug, mwanasayansi wa ngano aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 1970, alipiga mbiu ulimwengu mzima akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini. Tangu mwaka 2005 hivi, ngano kutoka nchi nyingi imekuwa ikiletwa Njoro na kupandwa katika mashamba ya kituo hicho, makusudi ishambuliwe na kutu, ili ionekane ipi inastahimili. Yaani chakula cha mataifa ya mbali kinapimwa mahali ambapo mwanafunzi wa Egerton angeweza kufika kwa bodaboda.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kilimo anapewa kazi ya kuandika kurasa kumi juu ya kutu hiyo. Anafungua simu, anaandika maneno matatu kwenye Google, anapata muhtasari wa makala iliyotokana na mashamba hayo hayo ya Njoro. Anabofya ili asome yote. Anaombwa dola kadhaa wa kadhaa. Anarudi nyuma, anachukua ukurasa wa bure ulioandikwa na mtu asiyejulikana, anaongeza aya mbili kutoka kazi ya mwaka jana iliyoko kwenye kundi la WhatsApp, anamaliza usiku huo. Siku hizi wapo wanaoliuliza swali lote kwa programu ya akili unde, nayo huweza kuwapa orodha ya marejeo mazuri ya kuvutia ambayo baadhi yake hayajawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Akiulizwa kwenye hojaji kama anaweza kujipatia taarifa anazohitaji bila msaada, anaweka tiki kwenye ndiyo. Hajadanganya. Kazi imekamilika na alama amepata.

Ilhali makala za namna ile zimetafutiwa njia ya kumfikia kwa juhudi ya miaka mingi. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza TEEAL, mkusanyiko wa majarida ya kilimo uliowekwa kwenye diski ili usomwe mahali pasipo na intaneti, ukiwalenga hasa wasomaji wa nchi kama yetu. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likazindua AGORA, mpango unaofungua maelfu ya majarida ya kilimo bure au kwa ada ndogo kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Wenzao wa afya walikuwa wameshatangulia na HINARI mwaka 2002. Mwaka huo wa 2003 maktaba za Kenya zikaunda muungano wao, KLISC, ili zigawane gharama za majarida ya kielektroniki ambazo chuo kimoja peke yake kisingezimudu. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, na mtandao wa KENET ukiwa unaviunganisha vyuo, kisingizio cha intaneti ya kobe kilianza kupungua. Juhudi zote hizo ni za watu waliokesha wakiandika maombi na kubembeleza wachapishaji. Zinaishia kwenye ukurasa wa tovuti ya maktaba, nyuma ya nenosiri ambalo mwanafunzi aliambiwa mara moja, siku ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, akiwa katika msururu wa watu mia, bado hajajua hata choo kiko upande gani.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, jambo hili lilijitokeza wazi kabisa. Majengo yalifungwa, viti na soketi vikabaki gizani, na kilichosalia cha maktaba kilikuwa hicho hasa: majarida, vitabu vya kielektroniki, nenosiri. Aliyejua njia aliweza kuendelea kusoma akiwa Molo au Kabarnet, mradi awe na bando. Asiyejua alikuwa amepoteza maktaba yote.

Wanafunzi wa sheria wana nafuu yao, na inafaa kuitaja japo kwa ufupi. Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, linalojulikana kama Kenya Law, huweka hukumu za mahakama na sheria za nchi mtandaoni bure kwa kila mtu. Mwanafunzi wa sheria hapa Nakuru anaweza kusoma hukumu kwenye simu ndani ya matatu. Anaihitaji maktaba kwa vitabu vya wataalamu na kwa kile kiti. Mtu wa kilimo, wa uuguzi au wa uhandisi hana bahati hiyo, kwa hiyo kuwauliza wote maswali mamoja kisha kuyachanganya majibu yao ni kuwaonea wakutubi na wanafunzi pia.

Na wakutubi? Katika mazungumzo ya wanafunzi wanatajwa kwa namna mbili tu: kama walinzi wa kimya na kama watoza faini. Kuna mwanafunzi ambaye katika miaka minne huzungumza na mkutubi mara mbili, siku anapoonyeshwa jengo na siku anapofuata saini ya maktaba ili aruhusiwe kufuzu. Katikati hapo hana neno naye. Silaumu upande mmoja. Kijana aliyelelewa katika shule ambako kuuliza swali kulimaanisha kukiri kwamba hukusikiliza haendi kirahisi mbele ya kaunta akaseme hajui kutafuta. Naye mkutubi aliyeajiriwa akiwa na shahada ya utaalamu wake anajikuta siku nzima anapanga vitabu, anakagua vitambulisho na kunyamazisha watu, kwa kuwa wafanyakazi ni wachache na waliostaafu hawajajazwa nafasi zao.

Nimewahi kumwona mkutubi mmoja, katika maktaba ya chuo ambacho sitakitaja, akifanya jambo ambalo hakuna hojaji ingeweza kulinasa. Kijana alikuja kulalamika kwamba mashine ya fotokopi imeharibika. Badala ya kumjibu ni kweli, mama yule alimuuliza: "Unatoa fotokopi ya nini, mwanangu?" Ilikuwa sura ya kitabu kuhusu minyoo ya mbuzi, nakala moja tu, na wenzake thelathini wanaisubiri. Mama akasogeza kiti, akageuza kompyuta yake upande wa kijana, wakatafuta pamoja. Dakika kumi baadaye kijana alikuwa na makala nne kwenye simu yake, mbili kati yake mpya kuliko kile kitabu. Alitoka akitembea haraka, simu mkononi. Nadhani alikwenda kuwaambia wale thelathini.

Saa za usiku nazo zina hadithi yao. Karibu kila hojaji huleta ombi la kuongeza muda wa kufungua, na ombi hilo ni la haki. Ila chuo kikiongeza saa mbili usiku bila kuangalia njia ya kurudi, kinawaongezea saa hizo wanaolala hosteli za ndani pekee. Msichana anayepanga Njokerio anapima giza lililoko kati ya geti na mlango wake, anaondoka mapema. Mlinzi wa kusindikiza makundi na taa za barabarani zinazowaka ni huduma za maktaba, ingawa haziandikwi kwenye bajeti ya maktaba.

Wengine hukimbilia mjini. Maktaba ya umma ya Nakuru, iliyojengwa chini ya Huduma ya Maktaba ya Taifa, imekuwa kimbilio la wanafunzi wa matawi ya mjini ambayo maktaba zao ni chumba kimoja. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba za umma, na Nakuru ikapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji lenye vyuo vingi kiasi hiki linastahili chumba cha kusomea chenye viti mia kadhaa, kinachofunguliwa hadi usiku, karibu na kituo cha matatu. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na barabara, na watakaokitumia wapo tayari, wanazunguka wakitafuta mkahawa ambamo chai moja itawakalisha saa tatu.

Tukirudi kwenye vipimo, kuna marekebisho ambayo hayahitaji fedha za mfadhili. Matokeo ya hojaji huandikwa, hufungwa jalada gumu, hupelekwa ofisini. Aliyejibu haambiwi kilichotokea. Muhula unaofuata anapewa karatasi nyingine, anaijaza kwa haraka akiwa na mawazo ya chakula cha mchana, na hapo ubora wa takwimu umekwisha. Yabandikwe mlangoni: mlisema soketi hazitoshi, tumeongeza kadhaa upande wa mashariki, mlisema vitabu vya uhasibu ni vya zamani, hatujanunua kwa sababu fedha hazikutoka, mlisema mhudumu wa jioni ni mkali, tumezungumza naye. Mwanafunzi akiona jibu, hata la kukataa, atajibu safari ijayo kwa uangalifu.

Na lile swali la kama unaweza kujipatia taarifa bila msaada, ningelifuta. Mahali pake ningemkalisha mwanafunzi wa mwaka wa tatu mbele ya kompyuta, nikampa nusu saa, nikamwomba anitafutie makala moja kamili kuhusu kutu ya ngano iliyotokana na mashamba ya Njoro. Akiipata, tujue ni nani alimfundisha, tumwongezee huyo saa za kufundisha. Asipoipata, mkutubi akae naye pale pale watafute wote.